Zaburi ya Mkono wa Kushoto

Kiwandani tulimwita Milimita. Ukimletea bunda la karatasi lililokatwa na mtu mwingine, alilipigapiga mezani mara mbili, akalitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, kisha akakwambia, "Hili limepinda milimita moja." Ukichukua rula, kweli limepinda. Miaka kumi na mmoja aliishika mashine ya kukatia karatasi katika kiwanda cha uchapaji tulichofanya kazi sote wawili, yeye akikata, mimi nikitengeneza mitambo inapoharibika. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, hajaolewa na hataki kuulizwa kwa nini. Akikuchoka alikuwa anageuka na kuendelea na kazi, nawe unabaki umesimama na sentensi yako mkononi.

Msimamizi wetu tulimwita Bwana Upesi, maana neno hilo halikukauka mdomoni mwake. "Upesi jamani, upesi! Wateja hawali maelezo!" Siku za kazi alikuwa msimamizi. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, na Jumamosi alasiri aliongoza darasa la Biblia katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa lile lile alilosali Milimita. Alikuwa na sauti nzuri sana. Kiwandani alipofoka ilikuwa kelele, lakini akishika maandiko sauti ile ile iligeuka ikawa kama blanketi.

Mashine ile ilikuwa na kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima. Mkataji anapanga karatasi chini ya kisu, anashusha kinga ya plastiki ngumu mbele yake, anakanyaga pedali, kisu kinashuka. Bila kinga kushuka, kisu hakikubali. Ndivyo ilivyoundwa. Kuishusha na kuipandisha kinga kunachukua muda kidogo tu, lakini ukijumlisha siku nzima, Bwana Upesi alisema, ni uvivu mtupu. Mwezi ule tulikuwa na kazi kubwa ya vijitabu vya masomo ya Biblia, na makanisa yaliyoviagiza yalikuwa yanapiga simu kila siku. Asubuhi moja akaniita pembeni. "Fundi, ondoa kile kidude. Kazi ikiisha utakirudisha."

Sitaficha. Ni mimi niliyekiondoa. Nilifungua bolti nne kwa spana yangu mwenyewe, nikaunganisha nyaya mbili ili mashine idhani kinga ipo. Milimita alisimama akinitazama. "Fundi, hiyo unaipeleka wapi?" Nikamwambia ni agizo la msimamizi. Akaenda kumuuliza msimamizi, na nilisikia jibu toka mbali. "Wewe si ndiye Milimita? Unaogopa nini?"

Siku ya nne, saa nne asubuhi, karatasi moja ilitokeza pembeni ya bunda. Akanyoosha mkono wa kulia kuirudisha ndani. Mguu ulikuwa umezoea mwendo, ukakanyaga. Sikusikia ukelele. Nilichosikia ni sauti ya kisu, kisha mama mmoja wa meza ya gundi akianza kulia. Vidole vitatu vilikwenda, cha kati na viwili vinavyokifuata. Kidole gumba na cha shahada vilibaki.

Walipokuwa wanamkimbiza hospitali, Bwana Upesi alinishika bega. Hakuwa na jasho hata tone. "Irudishe," akasema. Nami nikairudisha. Bolti nne. Damu ilikuwa bado iko sakafuni.

Mkaguzi wa usalama kazini alipofika kesho yake alikuta mashine imekamilika, inang'aa. Bwana Upesi alimweleza kwa masikitiko kwamba mfanyakazi alikuwa amenyanyua kinga kwa mikono yake na kuidanganya mashine kwa kipande cha waya, kwa sababu alikuwa anasoma kijitabu huku akikata. "Ni mtu wa Mungu sana," akasema, "lakini kazini kusoma ni hatari." Mkaguzi akanigeukia mimi. Nikatazama viatu vyangu. Nikasema sikuwepo karibu. Taarifa ikaandikwa: uzembe wa mfanyakazi, alikuwa anasoma. Barua ya kumwachisha kazi ilimkuta wodini.

Alichonieleza baadaye ni kwamba neno lililomuuma kuliko vidole ni hilo "alikuwa anasoma". Alikuwa amekata vijitabu vile maelfu kwa maelfu na hajawahi kusoma hata mstari mmoja. Alikuwa anatazama pambizo tu. Imani yake ilikuwa ya kurithi, ya kukaa benchi la tatu, kuimba, na kurudi nyumbani. Biblia yake ilikuwa mpya kama siku aliyoinunua.

Bwana Upesi alikwenda kumwona hospitali pamoja na wazee wengine wa kanisa, nami nikaburutwa nao. Nilisimama miguuni pa kitanda. Yeye alikaa kwenye kiti, akaushika ule mkono uliofungwa bandeji, akaomba kwa ile sauti yake ya blanketi. Akamsihi Mungu ampe dada yetu moyo wa Ayubu, ayapokee yaliyompata bila kunung'unika. Wazee wakasema amina. Milimita hakufumba macho. Alimtazama usoni tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Walipomaliza akasema, "Mzee, niachie mkono wangu." Basi. 

Alipotoka hospitali alikwenda kukaa kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mwalimu mstaafu aliyekuwa na nyumba ya vyumba viwili na mdomo wa kutosha nyumba kumi. Haya ya nyumbani nimeyajua baadaye, mengine kwa Milimita mwenyewe, mengi zaidi kwa shangazi, ambaye ukimpa kiti na nusu saa anakupa habari za ukoo mzima pamoja na walioolewa humo.

Shangazi hakumpa mtu nafasi ya kujilaza. Wiki ya pili tu alimwekea mezani daftari la mistari na penseli. "Mkono wa kulia umestaafu kama mimi," akamwambia. "Wa kushoto uanze darasa la kwanza."

"Niandike nini, shangazi?"

"Andika chochote. Nakili hata gazeti."

Gazeti halikuwepo mezani. Biblia ilikuwepo. Aliifungua katikati, akaanguka kwenye Zaburi, akaanza kunakili bila kuchagua, herufi zikienda kama kuku mlevi. Siku tatu akanakili mambo ya malisho na maji matulivu na hayakumwambia kitu. Siku ya nne kitabu kikafunguka kwenye zaburi ya mia na tisa. Mtu analalamika humo kwamba amesemewa uongo, kwamba alipenda akalipwa chuki. Kisha anaanza kuomba. Siku za adui yake ziwe chache. Usimamizi wake autwae mtu mwingine.

Penseli ilisimama. Usimamizi! Alisoma tena. Neno lilikuwa pale pale, limechapwa, limo ndani ya Biblia, na wala si yeye aliyeliweka. Aliniambia kwamba damu ilimpanda hadi masikioni. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba mbele za Mungu mtu huenda amejipangusa hasira, kama anavyojipangusa miguu mlangoni. Na huyu hapa mtu ameingia na matope yote, tena anaimba.

Siku ile alinakili zaburi nzima mara mbili. Mara ya pili, kila palipoandikwa "yeye" na "mtu huyo", akaweka jina la ubatizo la Bwana Upesi, herufi kubwa. Laana imwingie kama maji tumboni, kama mafuta mifupani. Aivae kama nguo. Akaigeuza kuwa ibada. Kila asubuhi akishapiga mswaki alikaa mezani, akanakili zaburi ile ukurasa kwa ukurasa, na hivyo ndivyo mkono wa kushoto ulivyojifunza kuandika. Daftari la kwanza lilijaa. Ukilifungua leo unaona jina la yule mtu kwanza likiwa limetapakaa kama limeandikwa na mtoto, halafu linanyooka, halafu ukurasa wa mwisho ni zuri, mistari imelingana, hata milimita haikupotea. Hakuna mtu aliyewahi kuandikwa kwa bidii namna ile.

Kanisani alirudi, benchi la tatu. Ilipofika sala ya Bwana, alisali na wenzake hadi mkate wa kila siku, kisha akafunga mdomo wakati wengine wanaomba kusamehewa kama wanavyosamehe, akaingia tena walipofika kwenye majaribu. Mchungaji aliliona hilo. Alimwita ofisini baada ya ibada.

"Binti yangu, nimesikia una uchungu."

"Mchungaji umesikia, au umeona mkono?"

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga mwenye mzee wa kanisa aliyejua kuongoza darasa, kuchangisha na kupanga viti. Akamshauri asome habari za msamaha. Milimita akamjibu kwamba atafika huko, bado yuko Agano la Kale.

Aliyemtikisa ni shangazi. Siku moja alilichukua daftari la pili, akavaa miwani, akasoma kurasa tano bila kutia neno. Milimita alingoja kukemewa.

"Mwandiko mzuri," shangazi akasema. "Sasa umeomba mara ngapi hii?"

"Sijui. Mara mia."

"Na mwenzio bado anaongoza darasa, bado anapiga kelele kiwandani. Mwanangu, wewe unalia mahakamani bila kujua sheria. Hicho kitabu hakina zaburi tu. Rudi nyuma. Soma vile vitabu ambavyo watu wanaviruka."

Akarudi nyuma. Alivisoma Kutoka, Walawi na Kumbukumbu la Torati jinsi alivyokuwa anakagua karatasi, jicho moja limefungwa. Akakuta habari ya ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu pembe. Kama mwenye ng'ombe ameonywa na hakumfunga, na ng'ombe akaua, basi kosa si la ng'ombe. Akaandika pembeni: *Alionywa. Mimi mwenyewe nilimwonya.* Akakuta kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukuta kando ya dari, lile paa tambarare ambalo watu hukaa juu yake, mtu asije akaanguka, damu ikawa juu ya nyumba. Hapo alicheka peke yake, kicheko cha kwanza tangu ajali. Alikimbia jikoni. "Shangazi! Kinga! Mungu ameagiza kinga!" Akakuta na habari ya shahidi wa uongo, kwamba waamuzi wachunguze sana, na yule aliyesema uongo atendewe lile alilotaka kumtendea mwenzake.

Lile ndilo aliloshika. Tangu siku hiyo, aliniambia, sala yake ilibadilika. Hasira haikupungua hata kidogo. Ilipata makali na mahali pa kukata.

Kisha akaja kwangu.

Nilikuwa nimekaa nje ya chumba changu, nimefungua pampu ya maji ya jirani, vipande vimetapakaa kwenye gunia. Niliinua macho nikamwona amesimama na mkoba begani. Nilitamani pampu ile inimeze.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, dada. Karibu." Sikuwa na kiti cha kumpa. Akakaa juu ya ndoo.

"Nani anashika mashine yangu sasa?"

Nikamwambia, binti mmoja mgeni, ametoka chuo juzi.

"Kinga ipo?"

Niliokota nati moja, nikaifuta, nikaiweka chini. Kinga haikuwepo. Wiki mbili tu baada ya mkaguzi kuondoka, Bwana Upesi aliniita tena pembeni, nami nikafungua tena zile bolti nne. Nilimwambia hivyo. Sijui kwa nini nilimwambia. Nadhani nilichoka.

Hakupiga kelele. Alitoa Biblia mkobani, na sasa haikuwa mpya tena, imevimba kwa vikaratasi. Akafungua Walawi sura ya tano, akaniwekea mapajani juu ya grisi yote ile. "Soma wa kwanza. Kwa sauti."

Mimi kanisani nilikuwa mtu wa harusi na mazishi. Nilisoma kwa kusitasita. Maana yake ilikuwa hivi: mtu aliyekuwa shahidi, aliyeona au kujua jambo, asipolisema, atabeba uovu wake mwenyewe.

"Nilikuwa namchukia yeye tu," Milimita akasema. "Mwezi wa pili baada ya ajali nikakumbuka spana ilikuwa ya nani."

"Kwa hiyo mimi nimo kwenye hilo daftari lako?" Watu kiwandani walikuwa wameshasikia habari za daftari.

"Umo. Ukurasa wako uko peke yake. Nimekuandika vizuri."

 Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Jumamosi njoo darasani. Uvae shati safi. Ukisikia nimesoma habari ya ukuta wa dari, usimame useme ulichofanya. Usiposimama, nitasimama mimi, nitataja jina lako, halafu nitamwendea mama yake yule binti."

Sikulala vizuri siku zilizobaki. Jumamosi alasiri nilikwenda na shati safi.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki kama arobaini na feni moja iliyokuwa inalalamika. Bwana Upesi alikuwa mbele, mkono mfukoni, anafundisha juu ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Alieleza vizuri, watu wanaandika. Alipofika mwisho akauliza kama kuna mwenye neno. Milimita akasimama. Shangazi alikuwa pembeni yake, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuangalia mpira na amekata tiketi ya mbele.

"Mzee, umetufundisha msingi. Mimi nina swali juu ya dari." Akasoma ule mstari wa ukuta, polepole, Biblia imelala juu ya mkono uliobaki na vidole viwili.  "Sasa nauliza. Mtu akiukuta ukuta upo, akauvunja kwa sababu unamchelewesha, halafu mtu akaanguka, damu ile iko juu ya nani?"

Bwana Upesi akatabasamu. "Dada yetu, hizo ni sheria za kale. Sisi tuko chini ya neema."

"Vidole vyangu navyo viko chini ya neema?"

Kuna mtu alicheka kwa mshtuko, akajiziba mdomo. Bwana Upesi alianza kusema kwamba hapa si mahali pake, kwamba mambo ya kiwandani yana ofisi zake. Milimita hakumtazama tena. Alinigeukia mimi.

Nilisimama.  Nikasema, "Mimi ni fundi wa mitambo. Kinga ya mashine niliiondoa mimi kwa agizo la mzee huyu. Siku nne baadaye ajali ikatokea. Nikairudisha kwa agizo lake damu ikiwa bado mbichi. Dada hakuwa anasoma. Na leo hii kinga haipo tena, yuko binti mwingine pale." Nikakaa. Halafu nikasimama tena kwa sababu nilikuwa nimesahau kusema samahani, nikasema samahani, nikakaa.

Nilimtazama Milimita. Wengine wangelia. Yeye alikuwa anamtazama Bwana Upesi jinsi uso wake unavyobadilika, anautazama wote, hataki kukosa hata kipande. Sijawahi kuona mtu akifurahi namna ile bila kutabasamu.

Habari zilimfikia mkaguzi, na Jumatatu alirudi kiwandani bila taarifa na kumkuta yule binti anakata karatasi bila kinga. Mashine ikafungwa siku ile ile. Ofisi ya kazi ikaitisha kikao cha kusikiliza shauri upya, na tarehe ikapangwa. Mimi nilifukuzwa kwanza, kabla ya mtu yeyote. Nilistahili.

Siku mbili kabla ya kikao, Bwana Upesi alikwenda nyumbani kwa shangazi. Shangazi ndiye aliyenisimulia, na katika hili hapigi chumvi, maana halihitaji. Alikuja peke yake, mchana, bila koti. Akakaribishwa kiti. Akamwambia Milimita kwamba amekuja kama ndugu katika imani. Akipatikana na hatia hatapata tena kazi ya usimamizi mahali popote, na kanisani tayari wamemvua uzee. Kikao kikisikia kwamba yeye Milimita amesamehe, kitakuwa chepesi. Akasema, "Nimekosa. Nakuomba. Wewe unasoma Neno kuliko sisi sote sasa. Unajua linasemaje juu ya kusamehe."

"Najua," Milimita akasema. Akaenda chumbani, akarudi na daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho, ule wenye mwandiko mzuri. "Una sauti nzuri, mzee. Wodini uliniombea Ayubu. Leo nisomee hii."

Akasoma. Mwanzoni alidhani ni zaburi tu, akaishika kwa ile sauti yake. Kisha akakuta jina lake. Akanyanyua macho.

"Endelea."

Akaendelea. Siku za fulani ziwe chache, usimamizi wa fulani utwaliwe. Sauti ile ya blanketi ilianza kuchanika. Akafika mahali ambapo watoto wa mtu huyo wanaombewa wawe yatima, watangetange, wasipate wa kuwahurumia. Alikuwa na watoto watatu. Yule mdogo wa kike alikuwa anaimba kwaya ya watoto, na Milimita ndiye aliyemshonea kola ya sare yake siku za nyuma, alipokuwa bado na mkono wa kushona. Bwana Upesi akaweka kidole kwenye mstari.

"Hata wanangu?"

"Endelea."

"Dada, hata wanangu umewaombea hivi? Kila siku?"

Shangazi anasema hapo Milimita hakujibu upesi.  Halafu akasema mara ya tatu, "Endelea," lakini sauti ilikuwa ndogo, na Bwana Upesi akasoma hadi mwisho, akilia, mpaka pale mwenye zaburi anaposema yeye ni mnyonge na moyo wake una jeraha. Akafunga daftari, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Akangoja.

"Kwenye kikao nitasema kila kitu," Milimita akamwambia. "Sitaongeza na sitapunguza. Nenda salama."

Alisema kila kitu. Nami nilisema. Bwana Upesi alipatikana na hatia ya kuondoa kinga na kutoa taarifa ya uongo, akapigwa marufuku kusimamia wafanyakazi. Ofisi ya kazi ilimuuliza Milimita anadai nini zaidi ya haki zake za kisheria. Akadai kwamba kwenye ile taarifa ya kwanza, maneno "alikuwa anasoma" yakatwe kwa wino mwekundu mbele ya macho yake. Karani akasema hilo halina utaratibu. Milimita akasema atangoja hadi utaratibu upatikane, akakaa kwenye benchi la korido kutwa nzima. Kabla ofisi haijafungwa, yakakatwa.

Nilimuuliza baadaye, tukiwa tumeshazoeana kidogo, kama alijuta. Hapana, akasema. Alikuwa ameukuta mstari unaokataza mtu kufurahi adui yake anapoanguka, alikaa nao wiki nzima, mwishoni akamwambia Mungu wazi kwamba amefurahi sana, na angefurahi tena. "Nilidhani nitaadhibiwa," akasema. "Sikuadhibiwa. Lakini pia sikupongezwa." Kitu kimoja tu alikifanya. Alichukua madaftari yote matatu, akakaa nayo siku mbili, akafuta kwa kifutio kila mstari wa wale watoto. Jina la baba yao aliliacha mahali pake pote. Ukurasa wangu sijauona, na sijauliza.

Sasa anasahihisha maandishi katika kiwanda kingine cha uchapaji, anasoma kutwa na analipwa kwa kusoma, jambo ambalo shangazi hulirudia kwa kila mgeni. Darasa la Jumamosi lilikosa mwalimu, na mchungaji, kwa aibu yake mwenyewe, akamwomba alishike. Alikubali. Watu huja na mambo yao. Mama mmoja alikuja na hasira juu ya ndugu wa mumewe, akasema haoni kama anaruhusiwa kusali akiwa hivyo. Milimita akamwambia akae, afungue, aanze na hayo hayo.

Mimi hukaa kiti cha nyuma. Jumamosi moja, mwaka mmoja na kitu baada ya kikao, Bwana Upesi aliingia. Alikuwa amekonda, anauza vifaa vya umeme duka la shemeji yake. Akakaa karibu na mlango, hakuna aliyemsogelea. Milimita alimwona. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Siku hiyo tulikuwa tunasoma habari za Yona, pale nabii anapokaa nje ya mji, amekasirika kwa sababu hauangamizwi, na Mungu anamuuliza kama anafanya vema kukasirika.

"Swali hilo," Milimita akatuambia, "msilijibu upesi. Mimi hulisoma kila asubuhi. Kila asubuhi najibu ndiyo." Akainamia kitabu. "Naye kila asubuhi ananiuliza tena."

Kisha akamwomba mtu wa kwanza mbele aanze kusoma, kila mtu mstari wake, kwa zamu, hadi wa mwisho karibu na mlango.